Mtoto Anayelisha Mapazia

Tarehe 9 Januari

Kaka yangu,

Shikamoo. Kama barua hii imekukuta mzima, mshukuru Mungu. Kama imekukuta na homa, isome umelala, maana ni ndefu.

Usishangae kuona barua badala ya simu. Simu yangu mwanangu Tingatinga kaiogesha. Kaitumbukiza kwenye ndoo ya nguo, kaisugua kwa sabuni, kaianika juani kabisa. Imetakata, ila haiongei. Na hata ingekuwa inaongea, wewe huko kambini mpaka upande juu ya lundo la kokoto ndipo upate mtandao, halafu unapiga kelele mpaka wajenzi wa barabara wote wajue mimi nimeishiwa chumvi. Barua ni bora. Kwenye barua huwezi kunikatiza.

Mwandiko nivumilie. Mimi shule niliishia mlangoni mwa darasa la tano, nikageuka nikaenda kuuza barafu. Meneja, huyu binti yangu wa miaka mitano, ananiambia herufi zangu zimelewa.

Sisi wazima. Baba Meneja anapaka rangi kama kawaida, kazi ikiwepo ananuka rangi, isipokuwepo ananuka usingizi. Meneja anatuongoza wote. Tingatinga ana miaka miwili na nguvu za miaka saba. Juzi kausukuma mtungi wa maji kutoka jikoni mpaka mlangoni, tukamkuta amekaa juu yake kama dereva. Wifi yangu hajambo? Na watoto? Kipara kaota yale meno ya mbele? Nijibu, usiniruke.

Sasa yaliyonileta. Unajua kazi yangu. Tajiri, yule mama mwenye duka la mapazia, ananiletea vitambaa nyumbani, nashona nikitaka, naacha nikitaka. Watu wananionea wivu. "Wewe umepata, kazi iko chumbani, watoto wako miguuni, unataka nini tena?" Kweli watoto wako miguuni. Mmoja yuko kwenye pedali.

Basi bwana, mwezi uliopita nilishona mapazia ya daktari wa meno. Kazi safi, marinda yamesimama kama askari. Yakatundikwa. Baada ya siku chache daktari anamng'oa mtu jino, mgonjwa kaachama, anaangalia juu, anaona msafara wa sisimizi wanapanda pazia. Mgonjwa karuka na koleo mdomoni. Wakafumua pindo la chini. Ndani mna kipande cha mkate, kijiko cha uji na kifuniko cha soda.

Kumbe Tingatinga! Nikimaliza kukunja pindo, kabla sijalifunga pale mwisho, linabaki wazi kidogo. Yeye akiona pale anaona mdomo. Meneja ndiye aliyenieleza, bila haya: "Mama, analilisha. Analiambia kula." Kaka, mtoto wangu analisha mapazia! Na sijui ameanza lini. Huu mji mzima unaweza kuwa umetundika vijiko vyangu madirishani, na mimi nilikuwa namtuhumu jirani.

Tajiri hakucheka. Kasema mapazia hayashonwi tena nyumbani kwa mtu. Anafungua karakana kubwa nyuma ya duka, mashine mpya, pasi mpya, na anataka mimi niwe fundi wa meza ya kwanza. Naingia asubuhi, natoka jioni, mwisho wa mwezi mshahara. Watoto hawaruhusiwi hata kuchungulia. Nikikataa, kazi yake na mimi basi, tusalimiane tu njiani. Anataka jibu rangi ya karakana ikikauka.

Na anayeipaka rangi hiyo karakana ni nani? Mume wangu.

Wewe ulikuwa na kibanda chako cha kinyozi mlangoni kwako, ukakifunga ukaenda kutunza stoo ya kambi kwa mshahara. Wewe ndiye umepita njia hii. Niambie: niende au nisiende?

Mdogo wako,
Kasuku


Tarehe 2 Februari

Mdogo wangu Kasuku,

Marahaba. Barua yako imefika na lori la saruji, ina vumbi lakini inasomeka. Maneno yako nimeyasikia kama uko hapa, mpaka nikageuka kuangalia.

Mimi mzima. Stoo inaenda vizuri. Majembe yapo, koleo zipo, buti zipo. Kazi yangu ni kusema hapana kwa watu wanaotaka buti mpya.

Hilo swali lako ni dogo. Nenda. Kazi ya kuingia na kutoka ndiyo kazi. Hiyo ya nyumbani ni kujidanganya, hujui umeanza saa ngapi wala umemaliza saa ngapi. Mimi nikifunga stoo nimefunga. Hakuna mtu ananifuata na kichwa chake kitandani eti nimnyoe kuna harusi. Watoto wanakua tu. Mtawawekea mtu wa kuwaangalia, wale, walale, wakue. Wewe ni fundi, meza ya kwanza siyo mchezo.

Msalimie shemeji. Mwambie apake vizuri.

Nina shida moja. Chumba changu hapa kina dirisha linaangalia taa za mtambo, zinawaka mpaka asubuhi. Nishonee pazia zito. Rangi yoyote isipokuwa ya kike.

Kaka yako


Tarehe 17 Februari

Kaka,

Shikamoo tena. Pazia hilo hapo ndani ya kifurushi, la kijivu kama ulivyo wewe. Nimekushonea bure, lakini mkiishiwa mapazia hapo kambini waambie wenzako dada yako yupo. Pia nauza foronya za vipande vilivyobaki, sabuni, na vifungo vya mitumba. Mimi nauza chochote kisichokimbia.

Umejibu kuhusu majembe. Umejibu kuhusu koleo. Nimekuuliza kuhusu Kipara na meno yake, umenijibu kuhusu buti. Haya, nimeona.

Ushauri wako nimeupokea. Niliusoma Jumatatu nikasema naenda. Jumanne nikasema siendi. Jumatano Tingatinga kala chaki yangu ya kupimia, nikasema naenda hata leo. Alhamisi kaja akaniwekea kichwa mapajani, mdomo bado mweupe kwa chaki, nikasema nani mwenye akili anamwacha mtu kama huyu? Ijumaa sikusema kitu, nilikuwa nashona. Kaka, kichwa changu kimekuwa kama kikapu cha nyuzi alichokichezea paka. Navuta huku, kule kunakaza.

Nimemuuliza jirani yetu, Mama Redio. Tunamwita hivyo kwa sababu hana swichi ya kuzimia. Kasema, "Shoga yangu, nenda, watoto nitakaa nao mimi." Dakika ileile kasema, "Lakini mimi mwenyewe nisingeenda." Nikamuuliza sasa nishike lipi. Kasema nishike yote mawili.

Nimemuuliza Baba Meneja. Kasema, "Wewe ndiye unashona." Nikasema najua mimi ndiye nashona, nakuuliza wewe unaonaje. Kasema, "Mimi naona vyovyote." Hebu niambie, mtu anaonaje vyovyote? Ila nitakwambia kitu. Ile karakana alisema ataimaliza kwa wiki moja. Kapaka mara ya kwanza. Kasema ukuta umeinywa rangi, lazima arudie. Kapaka mara ya pili. Jana kamwambia Tajiri kona moja haijampendeza, anaanza upya. Mume wangu, ambaye nyumba yetu wenyewe ameiacha nusu ya buluu na nusu ya saruji tangu tuoane! Hajaniambia nisiende. Anapaka tu.

Tajiri naye si mjinga. Kaniita, kasema rangi ikauke isikauke nije wiki moja ya majaribio kwenye meza za zamani pale dukani, nionje. Nikikataa hata kuonja, anamchukua fundi mwingine. Nimemwambia sawa. Nikafika nyumbani nikajuta. Nikalala nikafurahi. Kukicha nikajuta tena.

Kuna jambo jingine lililonisukuma nikubali, linamhusu Meneja na mdoli wake. Sitaki kuliandika. Siku nyingine.

Pazia nimelikagua pindo, nimelipapasa kote, ni safi. Lala.

Kasuku


Tarehe 20 Machi

Kaka wewe!

Shikamoo. Mwezi mzima kimya. Lori la saruji limeharibika au umekasirika? Kama ni rangi ya pazia sema, nitakushonea la maua.

Nakuandikia nikiwa sijapata jibu lako, maana nikingoja nitapasuka.

Nimeenda majaribio. Siku ya kwanza niliwaacha watoto kwa Mama Redio. Meneja kaniaga kwa mkono kama anaaga mfanyakazi wake. Tingatinga hakulia. Ningependa alie kidogo, basi tu, nijue kuna mtu ninayemwacha. Alikuwa anasukuma kiti cha Mama Redio, Mama Redio akiwa juu yake.

Nimefika, nimekaa kwenye mashine, nikavuta kitambaa, nikashona. Kaka, hebu sikiliza. Nilishona pindo la pazia zima bila kusimama. Mwanzo mpaka mwisho! Sijawahi tangu nizae. Nikageuka kuangalia kama kuna mtu ameona.

Lakini mazoea mabaya yamejaa mwilini. Kila pazia kabla ya kulifunga pindo nalikung'uta. Mafundi wananiangalia. Mmoja kauliza, "Dada, unatoa mashetani?" Nikasema hapana, natoa vijiko. Wakadhani ni mzaha.

Halafu siku ya tatu. Nipo katikati ya kazi, macho kwenye mshono, mara naona kwa pembeni mkono unakuja karibu na sindano. Mimi bila kuinua kichwa nikaupiga kofi, pwaa! "Toa mkono hapo! Nimekwambia mara ngapi? Nenda ukakae, nitakuchapa!" Nikainua kichwa. Tajiri. Kashika mkono wake, halafu, hutaamini, kaenda akakaa! Yule mama mzima, na miwani yake ya dhahabu, kakaa kwenye stuli pale pembeni mpaka nilipomwomba radhi. Nikajua nimefukuzwa. Kumbe alikuwa anakuja kuniambia mshono wangu ndio ulionyooka kuliko wote.

Sasa nikwambie kinachonichanganya, na usimwambie mtu. Nilifurahi. Siyo kidogo. Kulikuwa na saa nzima pale nilipowasahau. Sikuwawaza, sikusema sijui wamekula, sijui wameanguka. Nilikuwa nashona tu na jua linaingia dirishani, na moyo wangu umetulia kama maji ya mtungi. Nilipowakumbuka nilishtuka kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Mama gani huyo?

Na lile la mdoli acha niliseme, maana limenikaa kooni. Kabla sijaenda majaribio nilimkuta Meneja anacheza mama na mtoto. Kamweka mdoli sakafuni. Yeye kakaa, kampa mdoli mgongo, miguu inakanyaga kama kuna pedali. Anasema, "Subiri. Subiri kidogo. Namalizia pindo. Subiri." Nikangoja nione atamgeukia saa ngapi. Hakugeuka. Mchezo ulikuwa ni huo tu, ulikuwa umekamilika.

Kaka, kumbe mimi niko nyumbani siku zote na mtoto wangu anachojua ni mgongo wangu. Sasa hiyo kazi ya chumbani inamsaidia nani? Nikakaa nikasema bora nikiondoka niondoke kweli, nikirudi nirudi kweli. Halafu nikasema ah, hayo ni maneno matamu ya mtu anayetaka kuondoka.

Rangi imekauka. Hata Baba Meneja ameishiwa kona. Tajiri kasema wiki ijayo nijibu.

Andika basi.

Kasuku


Tarehe 28 Machi

Mdogo wangu,

Sijapata barua nyingine kutoka kwako tangu ile iliyokuja na pazia. Lori halikuja, daraja la muda lilikatika. Lakini siyo lori tu. Nilianza kukuandikia mara kadhaa nikachana.

Pazia nililitundika siku ileile. Taa za mtambo hazikuonekana tena. Ila upepo ukivuma, pindo la chini linagonga ukuta. Tk. Tk. Nikajua umeweka chuma cha kulishusha, nikasema fundi huyu ni fundi. Halafu nikakumbuka daktari wa meno. Nikafumua kwa kisu cha stoo.

Mlikuwa na soksi moja ya mtoto. Ndani ya soksi mna nusu ya biskuti imekauka kama jiwe. Umelikagua pindo, unasema. Huyo mtoto ni mwizi wa kinyumenyume.

Nilikaa na hiyo soksi kitandani. Ni ndogo, Kasuku. Nilijaribu kuingiza vidole viwili ikajaa.

Umeniuliza kuhusu Kipara mara mbili. Nitakujibu sasa, halafu tusilizungumze.

Nilipokwenda likizo mwisho wa mwaka nilifika mchana. Wifi yako alikuwa kisimani. Kipara alikuwa peke yake mlangoni. Meno yameota, ndiyo. Kanisalimia vizuri sana, shikamoo yenye adabu. Kanipisha nikae. Halafu kaburuta kiti, kapanda, kashusha kikombe cha maua. Unakijua, kile cha wageni, mama alituchapa wote kwa ajili ya vile vikombe. Kakifuta kwa shati lake. Kaniletea maji kwa mikono miwili. Kasema, "Karibu."

Nyumbani kwangu kuna kikombe cha bati kilichong'oka mkono. Sisi wote tunanywea kile. Kila mtu wa nyumba ile anakijua.

Wifi yako aliporudi alicheka, kasema ona anavyojua kumtunza baba yake. Mimi nikanywa maji yote.

Kwa hiyo lile nililokuandikia lifute. Nilikwambia watoto wanakua tu. Wanakua, ndiyo. Usiende. Kataa. Shona hapo hapo chumbani, wakulishie mapazia yote ya mji. Tajiri akikuacha utatafuta mwingine, wewe hukosi.

Usiende.

Kaka yako


Tarehe 11 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na Mungu akusamehe.

Barua yako imenikuta na koti la kazi mwilini. La buluu, lina mfuko wa mkasi na limeandikwa jina la duka kifuani. Nimekubali tangu mwanzo wa mwezi! Ulisema nenda, nikaenda. Sasa nimeshakaa, unasema usiende. Wewe ni kaka au taa za barabarani? Najua wewe nawe utakuwa umeipata ile yangu ya majaribio, unaisoma unashika kichwa. Barua zetu zimepishana njiani, moja inaenda kusema ndiyo, nyingine inakuja kusema hapana, na zote mbili zimepanda malori.

Nilicheka sana ile ya biskuti. Halafu nikafika kwenye kikombe.

Nilikaa jikoni nikaangalia vikombe vyetu. Baba Meneja kaniuliza nina nini, nikasema vumbi. Kasema jikoni? Nikasema vumbi la pazia. Kaniacha.

Sasa usiku wote niko njia panda tena, na safari hii nikiwa nimeshavuka. Nikae? Nitoke? Wewe huyaoni majira yangu, mimi jioni niko nyumbani, siyo mwisho wa mwaka. Kambi yako ni mbali na karakana yangu iko mtaa wa pili. Hayafanani haya mambo. Halafu Jumamosi nimerudi, Tingatinga kaniangalia vile, kama anapiga hesabu. Nikamwambia haraka haraka, "Mimi mama! Mama!" Kaniambia, "Najua." Nikaona aibu.

Mimi mwisho wa njia yangu nitauona. Lakini wewe, wa kwako umeshauona. Soksi ile usinirudishie. Ipeleke nyumbani kwako mwenyewe. Nenda ukanywe maji kwa Kipara mpaka akukosee heshima.

Mdogo wako, ambaye leo ndiye mkubwa,
Kasuku


Tarehe 30 Mei

Kasuku,

Marahaba, mkubwa.

Nakuandikia kutoka nyumbani. Stoo nimeikabidhi kwa kijana mmoja anayesema ndiyo kwa kila mtu, buti zitaisha kabla ya mwezi. Pazia lako nimelitundika kwenye kibanda cha kinyozi kama mlango. Nimefungua tena. Wateja ni wachache. Wengi walishampata kinyozi mwingine, na ananyoa vizuri, nimekwenda kumchungulia. Wifi yako anaongea na mimi asubuhi, jioni anakumbuka mshahara ananyamaza. Sijui kama nimefanya sawa. Kuna siku naamka nakumbuka harufu ya stoo na funguo kiunoni, nasema mjinga wewe.

Kipara wiki za mwanzo alinipa kikombe cha maua. Kila siku, kwa mikono miwili. Sikumkataza. Nilimnyoa, akalia, akasema mimi mbaya. Nilimkataza kupanda juu ya paa, akasema nirudi kwenye barabara yangu.

Jana nilikuwa nanyoa mtu, nikaomba maji. Kaja anakimbia, kamwaga nusu njiani. Kaniletea kwenye kile cha bati. Kaniambia shika, halafu kaondoka.

Mteja kasema, kikombe hiki kimevunjika.

Na wewe? Bado uko karakana?

Kaka yako


Tarehe 15 Juni

Kaka yangu, kinyozi wa mlango wa kijivu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kazini, nyuma ya marobota ya vitambaa, na safari hii hata vumbi sikulisingizia. Nimelia kama mteja wako mdogo Kipara.

Wote wazima. Mama Redio anakusalimia, anasema ulifanya vizuri kurudi na asingekushauri urudi. Baba Meneja, baada ya yale yote, kaniuliza juzi, "Karakana ile, rangi inaonekanaje ukiwa ndani?" Nikamwambia inaonekana vizuri sana, hasa kona. Akatabasamu, ndiyo mazungumzo yetu hayo. Siku asizo na kazi anakaa na watoto yeye. Narudi nawakuta wote watatu wana rangi ya buluu. Ile nusu ya nyumba inapakwa sasa, kwa urefu wa Tingatinga.

Unauliza kama niko karakana. Niko. Ukiniuliza kama nitabaki, niulize siku gani. Mshono wangu umenyooka, Tajiri ananiita fundi mbele ya wateja, na mkono wake anauficha akinikaribia. Nikitoka jioni nimetoka kweli. Nawaangalia usoni. Lakini Meneja kabadilisha mchezo. Siku hizi anamkabidhi mdoli kwa Tingatinga, anaondoka mpaka mlangoni, anarudi anamkumbatia kwa nguvu, anamuuliza, "Umekula? Umekula? Haya, mama amechoka." Halafu analala chali sakafuni. Zamani mdoli alipata mgongo, sasa anapata kumbatio na mama aliyekufa kwa uchovu. Nimesimama pale mlangoni nisijue upi ni mchezo mzuri. Nilitaka nimuulize Meneja mwenyewe, nikaogopa atanijibu.

Ngoja nikwambie ya juzi, halafu nikuache unyoe.

Koti langu la kazi lilinasa kwenye pedali wiki ya kwanza, pindo la mbele likafumuka kipande. Nikasema nitalishona. Sikulishona, nashona ya wengine kutwa, nikifika kwangu sindano inakuwa nzito. Asubuhi koti linakaa msumarini karibu na mlango, usawa wa Tingatinga.

Juzi nimekaa kwenye mashine, na pale kwetu hairuhusiwi hata kutafuna karanga, kitambaa kikipata doa ni kesi. Nahisi kitu kinanigonga goti. Nikapapasa pindo. Kigumu. Nikaingiza vidole nikavuta.

Biskuti. Nusu. Imeng'atwa kwa meno madogo, imejaa nyuzi.

Kaka, mtoto huyu biskuti hampi mtu. Baba yake aliwahi kuomba akapigwa na kiatu. Na lile koti linaning'inia pale, pindo limeachama, naye kapita asubuhi akaona lina mdomo. Sikuwepo kumsikia, lakini neno lake nalijua, analo moja tu kwa kazi hiyo.

Nikala. Nyuzi zake na vyote. Tajiri alikuwa amesimama mlangoni, kaniona natafuna juu ya hariri ya mteja. Nikamwangalia, mdomo umejaa. Kafungua kinywa aseme, halafu kauficha mkono wake nyuma, kapita.

Fundi wa meza ya pili, mama mmoja mpole, kacheka kasema, "Sasa wewe fundi mzima unatembea na pindo limefumuka? Vua nikupigie mshono, ni dakika moja."

Nikalivuta koti nikalikunja mapajani.

"Liache," nikamwambia. "Liache hivyo hivyo."

Wasalimie wote, na Kipara mpe busu asilolitaka.

Mdogo wako,
Kasuku